Alizinduka nayo, au imekuja baadaye? Majibu kuhusu macho baada ya upasuaji wa ubongo

Barua za safari hii zimetoka Dodoma na Singida, na karibu zote zinauliza jambo moja: mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa kichwa, kidonda kimepona, lakini macho hayakai sawa. Mmoja anaandika “yanacheza”, mwingine “yamepishana”, mwingine “anaona vitu viwili viwili”. Waliojibu ni daktari wa macho, muuguzi wa wodi ya upasuaji wa ubongo na mtaalamu wa mazoezi tiba.

Kila anayeuguza mtu wa namna hii ajiandae kwa swali moja, kwa sababu ndilo daktari atakaloanza nalo: alizinduka nayo kwenye nusu kaputi, au imekuja baadaye? Tatizo lililokuwepo tangu alipozinduka mara nyingi ni neva iliyoguswa, iliyovutwa au iliyovimba wakati wa upasuaji, na nyingi ya hizo hupewa muda. Tatizo lililokuja baada ya siku au wiki za nafuu lina sababu mpya, na sababu hiyo hutafutwa siku hiyo hiyo.

Mume wangu ana miaka 41. Wiki tano zilizopita alitolewa uvimbe wa neva ya sikio la kulia. Tangu azinduke macho yanatikisika, anasema nyumba inazunguka, na akitembea anaegemea kulia. Tena jicho la kulia halifumbi. Je, ubongo umeharibiwa? – Mke, Chang’ombe, Dodoma

Dada, pole kwa kuuguza. Kwa unavyoeleza, sehemu kubwa ya hayo hutarajiwa baada ya upasuaji wa aina hiyo, na haina maana kwamba ubongo umeharibiwa. Lakini umelitaja jicho lisilofumba mwisho kana kwamba ni dogo, wakati kwetu sisi ndilo la kwanza. Tutalifikia.

Ndani ya kila sikio, pamoja na sehemu ya kusikia, kuna ogani ya mizani. Hizo mbili, ya kulia na ya kushoto, hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo muda wote, hata mtu akiwa amelala. Wafikirie watu wawili wanaosukuma mkokoteni mmoja. Wakisukuma sawasawa unakwenda moja kwa moja. Mmoja akiachia ghafla, unapinda. Uvimbe alioutolewa mumeo huota kwenye neva ya mizani yenyewe, kwa hiyo mara nyingi kuutoa ni kuikata neva hiyo. Upande wa kulia ukinyamaza, macho yote mawili huteleza polepole kuelekea kulia, kisha ubongo huyarudisha kushoto kwa mshtuko. Yanateleza, yanarudishwa, yanateleza tena. Madaktari huiita nistagmasi, na huipa jina la upande wa mshtuko, kwa hiyo ya mumeo inapaswa kuwa ya kushoto. Utaiona ikipungua akikazia macho kitu kimoja, na ikizidi akitazama kushoto.

Siku za kwanza ndizo mbaya: kutapika, kushindwa kuinua kichwa. Baadaye ubongo hujifunza kutegemea sikio moja, na mtikisiko wa macho akiwa anatazama mbele kwa kawaida huisha ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa, ingawa mizani ya kutembea inaweza kudai miezi. Kwa hiyo, katika wiki ya tano, mtazame vizuri. Kama macho bado yanashtuka kwa nguvu akitazama mbele, au yanashtuka kwenda juu au chini, au yanashtuka kulia akitazama kulia na kushoto akitazama kushoto, hilo halitoki sikioni. Huenda serebelamu, yaani ubongo mdogo wa nyuma, imeguswa, imevimba au inabanwa na maji. Mrudishe kwa aliyempasua bila kungoja tarehe ya kliniki.

Kinachochelewesha nafuu ni vitu viwili, na vyote hufanywa kwa huruma. Cha kwanza ni kumlaza chumba chenye giza wiki nzima asisumbuliwe. Ubongo haujifunzi mizani kitandani. Cha pili ni dawa za kizunguzungu na kutapika, mfano proklorperazini, zikiendelea wiki kwa wiki. Siku mbili tatu za mwanzo zinasaidia. Zaidi ya hapo zinapunguza uwezo wa ubongo kuzoea. Akikubaliwa na daktari wake, aanze zoezi hili: akae kwenye kiti, ashike kadi yenye herufi moja kubwa kwa urefu wa mkono, ageuze kichwa kulia na kushoto huku macho yamebaki kwenye herufi. Kasi ni ile inayoacha herufi isomeke. Ikianza kufifia, apunguze. Afanye mara 3 kwa siku, dakika 4 kila mara, akipumzika katikati. Kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi ni dalili kwamba linafanya kazi. Kikidumu saa nzima baada ya kumaliza, amezidisha. Akishalimudu amekaa, afanye amesimama pembeni ya ukuta, na mtu karibu yake.

Sasa jicho lisilofumba. Neva ya uso hupita bega kwa bega na neva ya sikio, na uvimbe ukiwa mkubwa huwa imetandazwa juu yake kama karatasi. Ikilegea, kope haishuki, na kioo cha mbele cha jicho hukauka. Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba hakuna mvua na upepo unabeba vumbi kutwa. Jicho la namna hii linaweza kupata kidonda kwa siku chache, na kovu lake halitoki. Mchana adondoshewe machozi ya bandia kila saa 1 hadi 2. Usiku, baada ya kunawa mikono, vuta kope ya chini, weka mstari wa marhamu ya macho wa kama sentimita 1, funga kope kwa kidole, ndipo ubandike plasta laini juu ya kope iliyokwisha fumbwa. Tunasisitiza mpangilio huo, kwa sababu pedi ikiwekwa juu ya jicho lililo wazi hukisugua kioo usiku kucha. Akitoka nje avae miwani pana inayoziba pembeni. Usimwekee maziwa ya mama, maji ya chumvi wala matone ya jirani. Matone yenye steroidi kwenye jicho lenye kidonda yanaweza kulipofusha.

Mguse pia kwa ncha ya pamba kwenye paji la uso na shavu, kulia na kushoto. Kama kulia hahisi vizuri, basi jicho lake linaweza kuwa na kidonda na asisikie maumivu yoyote. Mtu wa hivyo hatakuambia linauma, kwa hiyo wewe ulitazame kila asubuhi kwenye mwanga. Wekundu mpya, doa jeupe au ukungu ni safari ya hospitali siku hiyo. Kope inaweza kushonwa pembeni kwa muda kulihifadhi jicho. Usiogope neno “kushonwa”. Hufunguliwa neva ikipona.

Mwanangu wa miezi 14 aliwekewa mpira wa kichwani akiwa na miezi 4. Tangu juzi macho yameangalia chini tu, weupe unaonekana juu ya mboni. Anatapika na analala sana. Nimeshauriwa nimpeleke kliniki ya macho wiki ijayo. – Mama, Kondoa

Mama huyu alipigiwa simu siku barua yake ilipofunguliwa, maana jibu lake haliwezi kungoja chapa. Tunalitoa hapa kwa ajili ya wazazi wengine wa watoto wenye kichwa kikubwa.

Hili si tatizo la macho. Ni shanti, yaani huo mpira wa kichwani, iliyoziba, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maji yakijaa ndani ya ubongo, yanasukuma sehemu ya nyuma ya shina la ubongo inayoamuru macho yatazame juu. Amri ikikosekana, macho hubaki yameshuka na kope ya juu imevutwa, mboni ikiwa nusu imezama kama jua la saa kumi na mbili jioni. Ndiyo maana wataalamu huita macho ya jua linalozama.

Mkalishe mtoto wima akiwa ametulia, si akilia, upapase utosi. Ukiwa bado haujafunga na umetuna au umekaza, una ushahidi wa pili. Kutapika asubuhi bila kuharisha, kulala kupita kawaida, kulia kwa sauti kali, mishipa ya kichwa kutokeza: lolote kati ya hayo pamoja na macho yaliyoshuka ni dharura ya leo. Hata kama utosi ni laini, nenda.

Usiibonyeze-bonyeze ile valvu iliyo chini ya ngozi. Wapo wazazi wanaoambiwa “ipampu” nyumbani. Mrija ulioziba hauzibuliwi hivyo, na unaweza kuvuta utando wa ndani ukaingia kwenye matundu. Usimnyweshe mtoto aliyelegea, hata uji mwepesi, kwani utaingia mapafuni. Njiani mpakate kichwa kikiwa juu ya kiwiliwili. Beba kadi yake, picha za zamani za kichwa hata kama ni kuukuu, na vipimo vyote vya mzunguko wa kichwa vilivyoandikwa kliniki; picha ya zamani ndiyo humwonyesha daktari kama maji yameongezeka. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 150, kwa hiyo pitia hospitali ya wilaya kwanza ili mtoto aangaliwe, rufaa iandikwe na simu ipigwe mbele. Dodoma mjini, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina mashine za kupiga picha za ubongo.

Wapo watoto ambao hawakuwekewa mpira, bali walitobolewa tundu ndani ya ubongo ili maji yapite. Wazazi wao wasidhani hawahusiki. Tundu hilo nalo huweza kufunga, na dalili ni hizi hizi.

Shikamooni. Binti yangu wa miaka 6 alitolewa uvimbe kisogoni siku 12 zilizopita. Siku ya kwanza aliongea, siku ya pili akanyamaza kabisa. Macho yanarukaruka, hanitazami, analia tu. Bibi yake anasema kuna mkono wa mtu, anataka tumtoe hospitali. – Mama, Kongwa

Marahaba, mama. Usimtoe.

Kunyamaza huku kuna jina na kunafahamika vizuri kwa wanaopasua watoto sehemu hiyo. Hutokea hasa uvimbe ukiwa katikati ya serebelamu, na kawaida yake ndiyo hiyo uliyoisimulia: mtoto anazinduka akiongea, kisha siku ya kwanza hadi ya sita sauti inapotea. Njia zinazotoka serebelamu kwenda sehemu ya mbele ya ubongo zimevimba au zimejeruhiwa. Maneno hurudi, kwa wengine baada ya wiki, kwa wengine miezi, na yakirudi huanza polepole kama ya mtu anayejifunza upya. Anasikia. Mwongeleshe, mwimbie, mtajie majina ya ndugu zake. Kilio hicho ni sehemu ya ugonjwa; si kwamba amekukataa.

Macho yanaruka kwa sababu serebelamu ndiyo inayopima hatua ya jicho. Akitaka kutazama kikombe, jicho linapitiliza, linarudi, linapitiliza tena. Dunia nzima inamtikisikia, ndiyo maana anayafumba au anageuza uso. Kaa umbali wa kama mita 1, usitembee huku unamsemesha, mwonyeshe kitu kimoja kikubwa chenye rangi moja. Akipinda kichwa upande fulani mwache: mara nyingi amepata pembe ambayo macho yanatulia, na akirudi shule mwalimu amketishe mahali ambapo pembe hiyo inaelekea ubaoni. Lakini shingo ikipinda ghafla, pamoja na maumivu ya kisogo au kutapika, mwite muuguzi hapo hapo, kwa sababu maji yanaweza kujaa hata baada ya uvimbe kutoka.

Mwambie bibi kwa heshima kwamba jambo lenyewe ni la kutisha kweli, na kwamba hofu yake ni ya upendo. Kisha mwambie hili moja: mjukuu wake kwa sasa hamezi vizuri. Dawa yoyote ya kunywa itakayotiwa kinywani nyumbani, iwe ya miti au ya duka, inaweza kwenda kwenye mapafu. Kama anataka kumwombea au kumsomea dua, kitanda cha wodi kinatosha.

Baba ana miaka 58, alitolewa uvimbe wa utando wa ubongo. Alikuwa anatumia fenitoini vidonge 3 vya miligramu 100, akapata degedege, wakaongeza vikawa 4. Baadaye ameanza dawa za kifua kikuu. Sasa macho yanacheza akitazama pembeni, anayumba kama mlevi, anasinzia. Tumsitishie? – Kijana, Mpwapwa

Msisitishe wenyewe, na msiendelee wenyewe. Kesho isifike bila kufika hospitali, na mbebe pakiti zote za dawa, si majina mliyoyakariri.

Fenitoini ni dawa ya kuzuia degedege yenye tabia ambayo wengi hawaitarajii. Ini lina kiwango chake cha kuiondoa. Kikijaa, kidonge kimoja cha nyongeza hakiongezi kidogo, kinarusha kiasi cha dawa kwenye damu. Kiwango kinachofaa ni mikrogramu 10 hadi 20 kwa mililita moja ya damu. Ikipita 20 macho huanza kucheza yakitazama pembeni, ikipita 30 mtu huyumba, ikipita 40 husinzia na kuchanganyikiwa. Soma tena ulichoandika: baba yako amepanda ngazi zote tatu. Na nyongeza haionekani siku ile ile, huchukua wiki 1 hadi 3 kufika kileleni, hivyo familia nyingi haziunganishi mambo hayo mawili.

Dawa za kifua kikuu zimeongeza lingine. Aisoniazidi hulizuia ini kuiondoa fenitoini, wakati rifampisini huliharakisha. Zinavutana, na kwa watu ambao miili yao huivunja aisoniazidi taratibu, fenitoini huzidi. Flukonazoli ya fangasi nayo huipandisha. Lishe duni huzidisha tatizo, kwa kuwa protini ya damu ikipungua, sehemu ya dawa iliyo huru huongezeka hata kama kipimo kinasoma kawaida.

Mbona basi asiache? Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na degedege linalopita dakika 5 ni dharura yenye kuua. Daktari atapunguza au kuruka dozi kwa hesabu. Na msikubali jibu la “ni dawa tu” kama ana maumivu ya kichwa yanayoongezeka au mkono mmoja umelegea. Aliyepasuliwa kichwa akaanza kuyumba anastahili pia kipimo cha CT. Wanaotumia kabamazepini, dawa nyingine ya degedege, waangalie saa: kuona viwili kunakoanza saa moja au chache baada ya kidonge na kuisha kabla ya kinachofuata, mara nyingi ni dozi kubwa kwa mkupuo mmoja.

Naendesha bodaboda. Nilipata ajali, nikatolewa damu kichwani miezi miwili iliyopita. Naona watu wawili wawili. Nikifumba jicho lolote inaisha. Ninaweza kurudi barabarani lini? – Manyoni

Kaka, umefanya kipimo muhimu mwenyewe bila kuambiwa. Viwili vinavyoisha ukifumba jicho lolote maana yake macho hayajaelekea pamoja. Vingebaki hata ukitumia jicho moja, tungelitafuta tatizo ndani ya jicho hilo.

Sasa tazama picha zimekaaje. Zikiwa ubavu kwa ubavu, zikiachana zaidi ukitazama mbali na ukigeukia upande mmoja, ni neva ya sita, inayovuta jicho kwenda nje. Neva hii ina safari ndefu ndani ya fuvu na huumia hata pale shinikizo la kichwa linapopanda tu. Zikiwa moja juu moja chini, zikizidi unaposhuka ngazi au kusoma, na ukijikuta unalaza kichwa begani, ni neva ya nne, ambayo kipigo cha kichwa huipenda mno.

Neva iliyovutwa bila kukatika hupona mara nyingi ndani ya miezi 3, na hungojwa hadi miezi 6, wakati mwingine 12, kabla ya kufikiria kupasua misuli ya jicho. Usikubali kupasuliwa mapema. Jicho likiendelea kujirudi baada ya upasuaji litakuwa limepinda upande wa pili. Kwa sasa ziba jicho moja. Kuziba hakuponyi neva wala hakuilegezi, kunakupa picha moja tu, kwa hiyo ziba lolote linalokupa nafuu. Njia nafuu kuliko kiziba macho: chukua miwani isiyo na nguvu, bandika selotepu ile ya ukungu kwenye kioo kimoja. Kwa mtoto chini ya miaka 8 usifanye hivyo bila daktari wa macho, kwani jicho linalozibwa mfululizo ubongo wake hulisahau.

Pembe ikishatulia, daktari wa macho anaweza kukupimia prizimu, yaani kioo kinachopindisha mwanga ili picha mbili zikutane. Prizimu ya nguvu 1 huhamisha picha sentimita 1 kwa umbali wa mita 1. Kuna ya plastiki ya kubandika juu ya kioo, inayobadilishwa jicho linavyopona. Inatia ukungu kidogo, lakini kwa miezi ya kungojea inafaa. Ulizia kliniki ya macho ya Benjamin Mkapa au ya Hospitali ya Mvumi, na ulizia kwanza kwa simu kama prizimu zipo, usije ukapoteza nauli.

Kuhusu barabara: si sasa. Ukiona viwili hujui gari lipi ni la kweli. Ukiziba jicho moja umepoteza kipimo cha umbali na upande mzima wa kuona. Ukiongeza hatari ya degedege baada ya damu kichwani, tunakuomba usipakie abiria mpaka viwili viishe na daktari wako aandike ruhusa. Tunajua hiyo ni riziki, na hatuisemi kirahisi. Kwa wakati huu, ukianza kuumwa kichwa kila siku, kusinzia au mguu kulegea, damu inaweza kuwa imejikusanya tena.

Jicho langu la kushoto limekuwa likicheza wiki nzima, kope inapigapiga. Nilifanyiwa upasuaji wa kichwa mwaka juzi. Je, ndiyo hiyo? – Mwalimu, Chamwino

Mwalimu, hapana. Kiswahili kinatupa neno moja kwa mambo mawili. Inayopiga kwako ni kope, na huko hakuna nistagmasi. Ni msuli uliochoka kwa kukosa usingizi, chai nyingi au kutumbulia simu. Simama mbele ya kioo: mboni imetulia? Basi lala mapema. Ikiwa shavu na pembe ya mdomo vinashtuka pamoja na kope, hapo njoo.

Mzee wetu alipasuliwa kwenye shina la ubongo. Miezi minane baadaye macho yameanza kupanda na kushuka bila kukoma, na koo linagongagonga. Picha inaonyesha “kitu kimevimba”. Uvimbe umerudi? – Familia, Singida mjini

Huenda haujarudi, na hili ni jambo ambalo linaweza kumwokoa mzee na upasuaji wa bure. Njia inayounganisha serebelamu na kiini kimoja cha shina la ubongo kiitwacho olivu ikikatwa, kiini hicho baada ya miezi huvimba na kuanza kupiga mdundo wake chenyewe. Macho hufuata mdundo huo, na kaakaa laini nalo huruka kwa mpigo ule ule. Mwambieni afungue mdomo, mmulike kwa tochi: kidakatonge, kile kinyama kinachoning’inia kooni, kikipanda na kushuka sambamba na macho, mwelezeni daktari jambo hilo hasa. Picha za MRI zisomwe na mtu anayejua kwamba upasuaji ulifanyika wapi, maana olivu iliyovimba hufanana na uvimbe. Dawa za gabapentini au memantini huwapunguzia baadhi ya watu mtikisiko. Haziwaponyi wote.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya. Wagonjwa wa upasuaji wa kichwa wanarudi vijijini na macho ya aina zote. Kwa dakika kumi na tochi, niangalie nini? – Bahi

Dakika kumi zinatosha, ukianza na mboni. Mulika kila moja. Tofauti isiyozidi milimita 1, zote zikisinyaa kwa mwanga, hutokea hata kwa mtu mzima wa afya. Mboni moja iliyotanuka isiyosinyaa, pamoja na kope iliyoanguka upande huo huo na jicho lililotazama nje na chini, ni neva ya tatu inayobanwa. Ikiwa mpya na mgonjwa anasinzia, ubongo unashuka: inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, pima presha na mapigo, na anza kutafuta gari kabla hujaandika fomu. Presha inayopanda huku mapigo yakipungua ni ishara mbaya sana.

Usidondoshe atropini wala tropikamidi ili “uone vizuri ndani”. Ukitanua mboni kwa dawa, wanaompokea mgonjwa wamepoteza alama yao muhimu kwa saa nyingi, na kwa atropini kwa siku.

Baada ya mboni, shika tochi sentimita 33 mbele ya uso na utazame nukta ya mwanga imeangukia wapi kwenye kila jicho. Ikiwa katikati kwa moja na pembeni kwa jingine, macho yamepishana. Kisha afuate kidole chako kwa umbo la herufi H, kichwa kimetulia. Kuangalia nistagmasi, usimpeleke mpaka mwisho kabisa wa pembe, kwa sababu huko hata macho mazima hutikisika kidogo. Simamia njiani, kama nyuzi 30, na ungoje. Andika mshtuko unaelekea wapi akitazama mbele, kulia, kushoto, juu na chini. Nistagmasi inayopiga chini hutuelekeza pale fuvu linapokutana na shingo, au serebelamu. Mgonjwa huyo husoma vizuri zaidi akiinua kitabu usawa wa macho. Macho yote mawili yaliyovutwa upande mmoja huku mdomo au mkono ukirukaruka ni degedege linaloendelea, hata kama mgonjwa hajaanguka.

Rekodi video kwa simu, sekunde 30 kwa kila upande, mwanga ukitoka mbele yake. Taja kwa sauti tarehe, saa na dozi ya mwisho ya dawa. Video hiyo ina faida kuliko aya nzima ya maelezo, kwani nistagmasi inaweza kutulia njiani.

Na jambo moja ambalo linapita bila kuonekana. Mgonjwa aliyetapika wiki mbili tatu baada ya upasuaji, anakula uji wa sembe tupu, kisha macho yakaanza kucheza au kukataa kwenda pembeni, akayumba au akachanganyikiwa, anaweza kuwa ameishiwa vitamini B1. Dalili zote tatu kwa pamoja hazipatikani kwa wengi, kwa hiyo usizingoje. Dona, uwele na karanga humsaidia asifike hapo, lakini akishafika chakula hakitoshi. Anahitaji B1 ya kuchomwa mshipani, na apewe kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo. Sukari ikitangulia peke yake, humaliza ile B1 kidogo iliyobaki. Ukiwa na dripu mkononi na mgonjwa wa namna hii mbele yako, tafuta kwanza ile sindano.